Farasi Waliopotea

Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda mashindano ya East African Safari mwaka 1966, akarudia mwaka 1967. Pembeni yake alikaa Chris Rothwell, na gari lao lilikuwa Peugeot 404 Injection. Kwa sura lilikuwa saluni ya familia, lenye injini ya sentimita za ujazo 1,618 iliyolazwa upande ndani ya boneti. Miaka yake ya mwanzo, 404 ya kabureta ilitoa nguvu za farasi 72. Ile iliyofungwa pampu ya Kugelfischer, inayosukuma petroli hadi kwenye nozeli, ilianza na 85, na baadaye ikafika 96. Ujazo wa injini ulibaki ule ule. Kilichobadilika ni namna injini ilivyolishwa hewa na petroli, na namna ilivyovibana.

Huwa nawakumbuka watu hao ninapomtazama fundi mmoja wa Kabasa, upande wa Bunda, akiwa ameinamia injini ya Altezza. Wateja wake wanatoka Bunda mjini, Butiama na Musoma, na wengi ni vijana walionunua gari la Kijapani lenye umri unaokaribia umri wao wenyewe. Toyota ilitengeneza Altezza kuanzia 1998 hadi 2005. Injini yake ya 3S-GE, lita mbili, ni kazi ya Toyota pamoja na Yamaha, na kwenye gari la gia za mkono ilitoka kiwandani na farasi 210 kwa mizunguko 7,600 kwa dakika, bila tabo. Kwa injini ya zama zile ni kiwango cha kuheshimiwa sana. Lakini hao 210 walihesabiwa injini ikiwa mpya. Mteja akisema, "Fundi, niongezee nguvu," jibu ni moja: "Mdogo wangu, tuanze kwanza na zile ulizouziwa."

Katika jibu hilo ndipo ulipo ufundi wake wote. Injini ya zamani haipotezi nguvu kwa kishindo. Hupoteza farasi wawili kwenye mpira wa hewa uliopasuka, wanne kwenye nozeli iliyoziba nusu, wengine kwenye plagi iliyochoka au mkanda wa taimingi uliorudishwa jino moja pembeni. Gari linaendelea kutembea, mwenye gari anazoea, na siku moja anaamini anahitaji kununua kitu kipya.

Kwa hiyo fundi anaanza na kompresheni. Anatoa plagi zote nne, anahakikisha betri imejaa, anafungua throto hadi mwisho, kisha anapima silinda moja moja na kuandika namba kwenye daftari. Anachokitafuta zaidi ya ukubwa wa namba ni kufanana kwake. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake, anamimina oili kidogo ndani na kupima tena. Namba ikipanda, ringi zimelika. Isipopanda, macho yanahamia kwenye valvu na gasketi. Hapo mteja hana budi kusubiri, maana kuongeza nguvu juu ya silinda mgonjwa ni kuiharakisha injini kaburini, na huyu fundi hakubali kazi ya namna hiyo hata kwa pesa nzuri.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni nozeli. Anazichomoa zote nne, anazifunga kwenye bomba moja la petroli, kila moja ikiwa juu ya chupa yake ya kioo yenye mistari ya vipimo. Anaziwasha kwa muda mmoja, anazizima, kisha anainama hadi macho yalingane na mistari. Mtu asiyejua ataona chupa nne zenye petroli. Yeye anaona silinda ya tatu imekuwa ikila kidogo kuliko wenzake, pengine kwa miaka. Anatazama pia umbo la mrusho: nozeli safi hutoa ukungu mwembamba, chafu hutoa matone au mshale mmoja ulionyooka, na petroli ya matone haichanganyiki vizuri na hewa.

Kasoro hii hujificha hata kwa mashine ya kusoma makosa. Sensa ya oksijeni hukaa mahali moshi wa silinda kadhaa umekwisha kuungana, kwa hiyo kontroli boksi husoma wastani. Silinda moja ikipungukiwa petroli, boksi hudhani injini nzima ina njaa, na kuwaongezea wote. Watatu wanashiba kupita kiasi, mmoja bado ana njaa, na kwenye kioo cha mashine kila kitu kinaonekana sawa. Nimeona mafundi wenye vifaa vya bei kubwa wakipita juu ya tatizo hili, na yeye akilikamata kwa chupa nne.

Vumbi la mkoa huu wa Mara nalo lina mchango wake. Likishapenya kwenye eakilina iliyochakaa, hutua juu ya waya mwembamba wa sensa ya hewa, na sensa huanza kuripoti hewa pungufu kuliko inayoingia. Waya huo anausafisha kwa dawa yake maalumu na haugusi kwa kidole. Throto nayo huoshwa, na maungio yote ya mipira hukaguliwa hadi sailensi, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, itulie.

Baada ya hapo ndipo anapokubali kuzungumzia farasi wa ziada, na hapo jiografia inaingia kazini. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na nchi yote inayolizunguka iko juu zaidi. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa zaidi kidogo ya moja ya kumi ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho hicho, hata ikiwa mpya kabisa, na hakuna spana inayoweza kuirudisha hewa hiyo. Lakini hewa nyepesi ina fadhila yake pia. Msukumo ndani ya silinda ukipungua, hatari ya petroli kulipuka kabla ya wakati wake, ule mgongano unaosikika kama kokoto ndani ya debe, hupungua vilevile. Injini ya Altezza ina kompresheni ya 11.5 kwa 1 na ilikusudiwa petroli ya oktani ya juu ya Japani, si hii ya vituo vyetu. Ikiwa pwani, sensa ya mgongano huirudisha cheche nyuma ili kuiokoa, na nguvu hushuka. Huku juu, cheche inaweza kuwahi kidogo bila madhara. Fundi anaipandisha kwa hatua ndogo ndogo, akisikiliza, na kila hatua inajaribiwa kwenye mwinuko, injini ikiwa ya moto na imebeba mzigo. Mteja anaambiwa waziwazi kwamba mpangilio huo ni wa Mara. Akihamia Dar es Salaam, urudishwe nyuma kabla ya safari.

Kuhusu ekzosi tunakubaliana kabisa, mimi na yeye. Vijana wengi hukata masega, yaani kichujio cha moshi ndani ya ekzosi, hufunga bomba pana na kufurahia mngurumo. Bomba pana kupita kiasi hupunguza mwendo wa moshi, na gari hulegea kwenye mizunguko ya chini, ambayo ndiyo tunayoitumia barabarani kila siku. Masega yaliyoziba yabadilishwe; yaliyo mazima yaachwe. Kinachosaidia kweli ni manifodi yenye mabomba yaliyolingana urefu, ili moshi wa silinda moja usimzuie mwenzake.

Mashine ya kupimia nguvu hana, basi hutumia barabara. Alfajiri, kipande kile kile kisicho na watu, gia ya tatu, kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, mara kadhaa kwenda na kurudi ili upepo na mteremko visimdanganye. Mafuta kwenye tangi yawe kiasi kile kile, na abiria wawe wale wale. Sekunde 6 zikishuka hadi 5.7, nguvu ya wastani imepanda kwa asilimia 5 hivi. Anabadilisha kitu kimoja tu kati ya jaribio na jaribio, jambo linalowachosha wateja wenye haraka. Kifaa kikifungwa na sekunde zisisogee, anakifungua, anakifuta, anakirudisha kwenye boksi lake na kumwambia mwenye gari akirudishe dukani.