Kombe, Miwani na Fimbo: Vitu vya Kawaida katika Riwaya ya Golding

Riwaya ya William Golding iitwayo Lord of the Flies, iliyotoka mwaka 1954, yahusu wavulana wa Kiingereza walioachwa peke yao kisiwani baada ya ndege yao kuanguka. Vitu walivyo navyo ni vichache na vya kawaida: kombe la baharini, miwani ya mtoto mmoja, moto, fimbo. Wahakiki wamezoea kusema kwamba kombe ni sheria na miwani ni elimu, wakaishia hapo. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayamfai mfasiri. Mfasiri hatafsiri ishara. Hutafsiri kitu, na kitu kikipewa jina lisilokistahili, ishara yake hufa.

Tuanze na kombe, maana hapo ndipo penye ugumu. Mwanafunzi wa Mwamapalala, mkoani Simiyu, akisoma kwamba Ralph alilinyanyua kombe mbele ya wenzake, atadhani timu ya Ralph imeshinda fainali. Wala hatakuwa amekosa, kwa kuwa ndiyo maana aisikiayo redioni kila wiki. Mwenzake wa pwani huenda akakumbuka kombe la tiba, yaani maandishi ya Kurani yaoshwayo kwa maji ili mgonjwa anywe. Hivyo basi neno moja limekwisha kubeba mizigo mitatu.

Je, tuseme siwa? Siwa za Pate na Lamu, moja ya pembe ya ndovu na nyingine ya shaba, zilikuwa alama za watawala na wenye nasaba. Kombe la Golding ni kinyume chake: yeyote alishikaye, hata mdogo kuliko wote, ana haki ya kusema mpaka amalize. Mbiu nayo inakaribia zaidi, maana mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na kazi ya kwanza ya kombe ni kuita watu. Hata hivyo mbiu ni ya pembe, na siku hizi imekuwa tangazo tu. Pembe haivunjiki vipande elfu. Katika riwaya hii jiwe linaloporomoshwa na Roger linamuua Piggy na kulivunja kombe kwa pigo moja. Mfasiri aliyeandika mbiu atafika ukurasa huo akiwa hana kitu cha kuvunja. Kwa hiyo twapendekeza kombe la baharini mahali pa kwanza, pamoja na sentensi moja ionyeshayo jinsi lipulizwavyo, kisha kombe tu mpaka mwisho.

Msomaji wa bara asidhaniwe kuwa mgeni wa jambo hili. Watemi wa Unyamwezi walivaa kibangwa, kipande cha mviringo cha gamba la konokono wa baharini kilicholetwa kutoka pwani, nacho kilikuwa alama ya utemi. Tofauti ni kwamba kibangwa kilivaliwa na mmoja, lakini kombe hupokezanwa. Na katika miaka ya mwanzo ya 1980, sungusungu walipoanza Usukumani na Unyamwezini, watu walijifunza upesi kwamba yowe moja laweza kuita kijiji kizima kumsaka mwizi, na pia laweza kuita watu wale wale kumtesa mtu ambaye hajasikilizwa. Swali la Golding ndilo hilo hilo: watu wakishakusanyika, nani atasikilizwa?

Miwani ina shida ya namna nyingine. Piggy haoni mbali, na lenzi za mtu wa namna hiyo ni mbonyeo, nyembamba katikati; hutawanya mwanga wa jua wala haziwezi kuwasha moto. Golding alikosea fizikia. Wapo watakaoshawishika kumsahihisha, wamfanye Piggy kuwa mtu asiyeona karibu. Tunapinga. Mtoto asiyeona mbali ndiye huyo huyo anayetazama mbele kuliko wote, na kejeli hiyo ina thamani kuliko usahihi wa lenzi. Mwalimu wa fizikia na atumie kosa hilo darasani akipenda.

Juu ya moto hatuna mengi. Moto uliowashwa ili waokolewe ulizimika meli ikipita. Moto uliowashwa ili kumtoa Ralph mafichoni auawe ndio ulioleta meli ya kivita. Neno liwe lile lile pote pawili.

Kanuni hiyo yahitajika zaidi kwa fimbo. Kichwa cha nguruwe kinachomikwa juu ya fimbo iliyochongwa ncha pande zote mbili, moja ya kuingia ardhini na nyingine ya kuingia nyamani. Baadaye Ralph anaambiwa kwamba Roger amechonga fimbo pande zote mbili, bila maelezo zaidi. Mfasiri mwenye kuchoshwa na marudio, akaandika fimbo mahali pa kwanza na mkuki mahali pa pili, atakuwa amemficha msomaji kwamba kichwa kinachotakiwa sasa ni cha Ralph.