Mgeni Mwanzilishi wa Dola: Uhakiki wa Simulizi za Kilwa, Rungwe na Iringa

Katika historia ya dini na ujenzi wa dola mwishoni mwa zama za kati, Kilwa hutajwa mara kwa mara kama kielelezo cha ustaarabu wa Afrika Mashariki. Nyanda za Juu Kusini, kwa upande mwingine, huonekana kuanza historia yake katika karne ya 19, enzi za Merere na Mkwawa. Tofauti hiyo imejengwa juu ya aina ya matini: Kilwa ina tarihi iliyoandikwa, Mbeya na Iringa zina masimulizi. Sehemu hii inahakiki iwapo tofauti hiyo ya umbo inatosha kuhalalisha tofauti ya hukumu.

Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa, tarihi ya Kiarabu ya karne ya 16, inaeleza kuwa Ali bin al-Hasan alitoka Shiraz, akakinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka, na mtawala aliyekuwapo akahamia bara. Hata hivyo, matini hiyohiyo inakiri kuwa wageni walimkuta Muislamu pamoja na msikiti. Kwa maneno mengine, dini ilitangulia nasaba inayodai kuileta. Aidha, Neville Chittick, kwa kutumia magofu na sarafu, aliusogeza mwanzo wa nasaba hiyo hadi mwishoni mwa karne ya 12, badala ya karne ya 10. Kwa hiyo, kisa cha nguo kinasomeka vyema zaidi kama hati ya uhalali wa watawala kuliko kumbukumbu ya mauziano.

Muundo huohuo unapatikana nyanda za juu. Masimulizi ya Wanyakyusa wa Rungwe yanasema watawala walishuka kutoka milima ya Ukinga wakiwa na moto, ng'ombe na chuma, wakawakuta wenyeji wasioujua moto. Kwa Wahehe, mwindaji mgeni Mufwimi alizaa na binti wa mtawala wa Ng'uluhe. Mwana wao, Muyinga, akawa chimbuko la nasaba ya Mkwawa. Nguo, moto na nyama ya mawindo vinafanya kazi moja: vinageuza ugeni kuwa haki ya kutawala.

Dini nayo ina nafasi ya msingi pande zote. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, anamsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa kutenga khumsi ya ngawira kama Kurani inavyoagiza. Ngawira yenyewe ilitokana na mashambulizi dhidi ya watu wa bara. Sifa ya uchaji hapo haitenganishwi na gharama iliyolipwa na wengine. Rungwe, Lwembe hakuachwa afe kifo cha kawaida, kwa kuwa uhai wake ulihusishwa na rutuba ya nchi. Mmoja alifungwa na sheria ya kitabu, mwingine na mwiko wa mwili wake. Wote wawili walitawala chini ya masharti ya imani.

Ulinganisho huu una mpaka. Nasaba ya Muyinga haiwezi kurudishwa karne ya 14 ili tu ilingane na Kilwa. Ushahidi wa kipindi hicho upo kwingine: Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, uchimbuaji wa Brian Fagan na John Yellen ulionesha uzalishaji wa chumvi kati ya karne ya 13 na 15. Hakuna nasaba inayotajwa hapo, lakini kuna kazi, ujuzi na makazi ya watu ambao tarihi ya pwani haikuwa na sababu ya kuwataja.

Hivyo basi, udhaifu wa uhakiki uliopo ni kuipima simulizi ya bara kwa akiolojia huku tarihi ya pwani ikiaminiwa kwa sababu imeandikwa. Chittick ameonesha kuwa hata maandishi huhitaji kuhojiwa na udongo. Kipimo hicho kikitumika kwa usawa, Kilwa haipungukiwi na hadhi yake. Kinachoanguka ni dhana kwamba bara lilikuwa mahali pa kukimbilia kwa mtawala aliyeuza kisiwa.