Mvumo Usifutwe

Sikilizeni tena Assembly (2002) ya marehemu Hukwe Zawose na Mkanada Michael Brook. Kwangu mimi, gitaa la Brook limejaa mno. Lakini ilimba, ala ya Kigogo ya kupigwa kwa vidole gumba, imeachiwa mvumo wake, na mvumo ndio utamu wenyewe!

Hapa Kondoa nilirekodi ilimba chumbani kwa simu, blanketi dirishani (mimi mtu wa riwaya, mnisamehe). Nikamtumia jamaa yangu Dar aongeze besi. Loo! Kanirudishia kitu safi kama kinanda cha mtoto. Mvumo kaufuta, kadhani ni kelele. Kosa langu pia, sikumwambia. Safari hii nimetuma na maelezo: mvumo uache, mbwa wa jirani mtoe.