Pongezi kwa Masaisi

Huku kwetu Kanama, wilayani Rubavu, ambako shindano linalowatoa watu majumbani hadi kandokando ya barabara ya Mahoko ni lile la baiskeli, farasi ni mnyama wa kusimuliwa. Walakini moyo wangu umefungamana na mmoja wao, Wise Child, farasi jike ambaye mwaka 1926, ilhali kano za miguu yake zilikuwa dhaifu, alishinda mbio za St Leger za Nairobi, akiwa amefunzwa na Beryl Markham, bibi aliyekuwa kijana bado katika kazi iliyohesabiwa kuwa ya wanaume.

Majina yao wawili yamo katika kitabu cha kumbukumbu cha Beryl mwenyewe tangu 1942. Na masaisi, yaani watunza farasi, je? Pongezi zangu nawapa wao: wenye kuamka alfajiri, wakaikanda kwa maji ya baridi miguu iliyovimba, wakaifunga vitambaa visivyobana wala kulegea, wakatambua kwa sikio lililolala tu kwamba mnyama hana raha. Hiyo ni elimu, tena elimu adhimu, na ingali hai katika mabanda ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, ambako Jumapili ya mashindano, farasi atolewapo mbele ya watu, mkono ulioshika hatamu ni wa saisi.