rsync: Mtandao Ukatike, Kazi Iendelee

Jamani wa Aru, fungueni terminali leo hii! Ndiyo kwanza nimeanza kuitumia rsync, na tayari imezipita programu zote nilizo nazo. Haina dirisha wala vitufe. Ni amri moja tu ya kunakili mafaili kutoka mashine hii hadi ile. Lakini inavyonakili!

Nilikuwa natuma skani za ofisi kwenye seva iliyoko Bunia (hiyo "bunia" ni jina nililoipa seva katika mipangilio ya ssh):

rsync -avP skani/ bunia:skani/

Asilimia zikawa zinapanda, mara mtandao ukakatika, kama tulivyozoea. Uliporudi nikabonyeza mshale wa juu, amri ileile ikajitokeza, nikapiga Enter. Mafaili yaliyokwisha kufika yakarukwa yote, na lile lililokatikia njiani halikuanza upya! Ni kazi ya herufi P: huhifadhi kipande kilichofika na kukuonyesha mwendo. Kwetu sisi tunaohesabu kila mega, herufi hiyo ni pesa.

Na utamu wenyewe uko ndani. Andrew Tridgell na Paul Mackerras, wa Australia, waliitoa mwaka 1996, enzi za modemu za simu. Mashine inayopokea hulikatakata faili la zamani, hupigia kila kipande hesabu yake, na hutuma hesabu hizo tu. Inayotuma huvitafuta vipande hivyo katika faili jipya, kisha hupeleka tofauti peke yake. Ukisahihisha mistari michache katika rejista ya CSV ya mega 200, hazisafiri mega 200! Mafaili yaliyobanwa, kama zip, hayafaidiki hivyo, maana badiliko dogo huyavuruga sana.

Huna kompyuta? Weka Termux kwenye simu yako ya Android, andika pkg install rsync openssh, na picha zako zitapita njia hiyohiyo.

Chungeni mkwaju wa mwisho: skani/ hupeleka vilivyomo, skani hupeleka folda yenyewe. Na kabla ya --delete, tangulizeni -n, iwaonyeshe itakachofuta bila kugusa kitu.

Usiku huu naijaribu --bwlimit, inayoiwekea kasi kikomo, ili wenzangu wapate WhatsApp yao huku skani zikipanda Bunia.