Kutekwa au Kushikiliwa? Tahakiki ya Mchoro Mmoja wa Kolo

Katika makala haya mafupi hatukusudii kuhakiki kitabu kizima, bali maelezo ya mchoro mmoja tu. Mchoro wenyewe upo Kolo, wilayani Kondoa, Tanzania, katika eneo lenye michoro ya miambani ambalo UNESCO ililiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watu watano, wembamba kama fito, wamechorwa kwa rangi nyekundu. Wa katikati ameshikwa mikono. Wawili wako upande huu, wawili upande ule.

Mary Leakey, aliyenakili michoro ya Kondoa mwaka 1951 na kuichapisha mwaka 1983 katika Africa's Vanishing Art, aliona hapo mwanamke anayetekwa: hawa wanamvuta, wale wanamzuia asichukuliwe. Kazi yake ya kunakili ni ya kupigiwa mfano. Bila hiyo sisi wa Kanyosha, tulio mbali na Kolo, tungekosa cha kuwaonyesha wanafunzi. Ugomvi wetu ni juu ya kitenzi. Mwamba unatupa "kushikwa", basi. "Kutekwa" kumeletwa na mtazamaji, na pamoja nako kisa kizima chenye maadui na watetezi. Mwanafunzi akisoma maelezo hayo kabla ya kutazama, haoni tena kingine.

David Lewis-Williams, mtafiti wa michoro ya Wasan wa kusini mwa Afrika, aliusoma mchoro huohuo kwa namna nyingine: ni ngoma ya uganga, na wa katikati amepandwa na roho, wenzake wanamshikilia. Kwa Mrundi aliyesikia habari za kubandwa, ibada ya Kiranga, usomaji huo hauna ajabu. Hata hivyo, nao umetoka mbali. Karibu zaidi wapo Wasandawe, ambao eneo lao lilikuwa sehemu ya wilaya ya Kondoa, ambao lugha yao ina vidoko, na ambao katika ngoma yao ya simbo mchezaji hugeuka simba. Inashangaza kwamba vyuoni kwetu fasihi simulizi hufundishwa kwa miaka mitatu bila Wasandawe kutajwa hata mara moja!

Kwa muhula ujao tunapendekeza mwalimu ayafunike maelezo ya Leakey na ya Lewis-Williams pia, atoe mchoro mtupu, kisha kila mwanafunzi aandike vitenzi anavyoviona kabla hajatunga kisa.