Habu ya Saa Moja

Nilinunua magurudumu mawili ya mitumba kwa euro 180, karibu shilingi laki tano za nyumbani, wiki ileile niliyomwandikia dada yangu wa Shinyanga kwamba mwezi huu hali ni ngumu. Alikuwa ameniomba laki tatu za kumalizia bati za chumba cha nyuma. Nalitaja hili mapema kwa sababu bila hilo uhakiki huu ungekuwa wa kifaa tu, na mimi ningeonekana mtu mwenye busara kuliko nilivyo.

Nasoma fasihi, shahada ya uzamili, katika mji wa Leuven nchini Ubelgiji. Jioni nne kwa wiki napeleka vyakula kwa baiskeli. Kilichonivuta kwenye magurudumu yale ni habu ya nyuma, yaani kile kitovu kinachoshika spoki zote na kubeba ekseli, beringi na friwili. Muuzaji alikuwa ameipiga picha juu ya mizani kabla ya kusuka spoki: gramu 190. Habu yangu ya zamani, ya Shimano ya daraja la kati, ilikaribia gramu 400. Niliitazama picha ile mara nyingi kuliko nilivyosoma riwaya niliyopangiwa wiki hiyo.

Kwa kuwa nasoma fasihi, nilianza na majina. Kampuni ya Tune ya Ujerumani ina habu ya mbele inayoitwa Mig 70 na ya nyuma iitwayo Mag 170, na namba hizo ziko jirani sana na gramu zake. Ni bidhaa zinazojitambulisha kwa uzani. Shimano ya Japani nayo ilileta Dura-Ace mwaka 1973, na sehemu ya kwanza ya jina hilo inaelekeza kwenye duralumini, aloi ya alumini, na vilevile kwenye kudumu. Majina yote mawili ni ahadi, lakini hayathibitishwi kwa njia moja. Ahadi ya wepesi unaithibitisha dukani kwa nusu dakika, ukiwa na mizani. Ahadi ya kudumu inahitaji miaka, na wakati huo ukifika risiti imeshapotea.

Hapa ndipo maandishi ya uhakiki wa vifaa hivi yanaponikera. Mengi niliyoyasoma huiweka habu kwenye mizani siku ya kwanza, huipanda wiki chache, kisha hutoa hukumu. Ni kama kuhakiki riwaya kwa kupima jalada na kusoma sura mbili. Sauti ya friwili inapewa aya nzima. Maji ya chumvi ya barabara za majira ya baridi, yanayoingia polepole kwenye beringi, hayapewi hata sentensi.

Zaidi ya hapo kuna hoja inayorudiwa kila mahali, kwamba gramu inayozunguka ni nzito kuliko gramu iliyotulia. Hoja hiyo ni ya kweli kwenye ringi na tairi, kwa sababu ziko mbali na kitovu. Habu yenyewe ndiyo kitovu. Uzito wake uko sentimita chache tu kutoka katikati, na kuuzungusha hakugharimu karibu chochote. Sifa ya ringi imeazimwa ikavishwa habu.

Nilipiga hesabu baadaye, nilipokuwa na sababu ya kuipiga. Mimi, baiskeli na mkoba wa chakula ni kama kilo 80. Nilipunguza gramu 210, yaani robo ya asilimia moja. Kwenye kilima cha dakika tano, hata nikijipendelea, nimeokoa chini ya sekunde moja.

Sasa tuulize gramu hizo zilitoka wapi. Habu haina mafuta ya ziada ya kukatwa. Ukitaka iwe nyepesi, unapunguza kingo zenye matundu ya spoki, unaweka alumini laini mahali pa chuma, hata sproketi zinachimba mikwaruzo kwenye mwili wa friwili. Unaipanua ekseli na kuiacha wazi ndani, jambo linaloipa ugumu kwa uzito mdogo, lakini ekseli nene inaibana beringi. Beringi namba 6803 ina tundu la milimita 17 na kipenyo cha nje cha 26. Zinabaki milimita 4.5 kila upande, za kugawana pete ya ndani, pete ya nje na gololi. Namba 6902, yenye milimita 15 ndani na 28 nje, inaziachia 6.5 na ni pana zaidi. Gololi ndogo hubeba mzigo mdogo na huchakaa mapema.

Novemba, usiku wenye mvua, nikiwa na oda mbili mgongoni, nilikanyaga pedali na miguu ikazunguka bure. Gurudumu halikuitika. Nilitembea kilomita tano nikiisukuma baiskeli. Oda zilipoa, na malipo ya jioni ile na ya jioni tatu zilizofuata yakaenda. Fundi wa karakana ya wanafunzi aliifungua habu mbele yangu. Ndani kulikuwa na vikucha vitatu vyenye springi, vile vinavyouma meno ili nguvu ya pedali ifike kwenye gurudumu. Kimoja kilikuwa kimevunjika, vingine vimelika. Kampuni iliyoitengeneza sitaitaja, nayo si miongoni mwa nilizozitaja au nitakazozitaja hapa.

Nilipokuwa bila gurudumu nilipanda treni hadi Brussels. Katika kituo cha metro kiitwacho Eddy Merckx, kule Anderlecht, imewekwa baiskeli aliyovunjia rekodi ya saa moja mwaka 1972 katika jiji la Mexico, kilomita 49.431. Ernesto Colnago aliitengeneza ikawa chini ya kilo sita, na hata mnyororo ulitobolewa matundu ili upungue uzito. Nilitarajia kuidharau. Nilishindwa. Kila kilichopunguzwa pale kilipunguzwa kwa ajili ya saa moja, kwenye njia laini, kwa mtu mmoja. Kazi hiyo ilitimiza ahadi yake yote. Ubaya unaanza pale saa hiyo moja inapouzwa kwa mtu anayehitaji miaka mitano, na ambaye hana gari la timu linalomfuata likiwa na baiskeli za akiba juu ya paa.

Lakini nisiugeuze uzito kuwa fadhila. Dura-Ace bado inatumia gololi zilizo huru kati ya koni na bakuli lake. Unaifungua kwa spana nyembamba, unasafisha, unapaka grisi, unairekebisha. Ni muundo mzuri kwa mtu mwangalifu. Ukizembea, bakuli linatoboka, na habu nzima imekwisha. Beringi ya kubadilisha, hata ile ndogo, inang'olewa na kuwekwa nyingine kwa bei ya chakula cha mchana. Na DT Swiss, kwa muundo uliotoka kwa Hügi wa Uswisi, waliondoa vikucha kabisa wakaweka pete mbili zinazotazamana, meno yote yakiuma kwa pamoja. Mzigo unagawanywa, sehemu ni chache, na unaifungua kwa mikono. Habu hiyo ni nyepesi kwa sababu mtu aliifikiria upya. Ile yangu ilikuwa nyepesi kwa sababu mtu aliipunguza.

Nyumbani Shinyanga, ambako baiskeli hubeba abiria na magunia, sikuwahi kusikia mtu akiuliza uzito wa habu. Swali lilikuwa moja: inacheza? Unashika ringi, unatikisa kushoto na kulia, unasikiliza. Ni kipimo kizuri cha uhakiki, kwa sababu kinaweza kurudiwa kila mwezi na hakihitaji kumwamini muuzaji.

Ringi zangu mpya zina matundu 24, habu ya zamani ina 32, kwa hiyo hata kuzisuka pamoja haikuwezekana. Nilitoa gurudumu la zamani stoo. Lilikuwa linacheza. Fundi akabadilisha gololi, akakaza koni, akanitoza euro 20.

Desemba nilituma laki tatu. Dada akajibu: "Zimefika, mdogo wangu. Bati tulishaezeka kabla mvua hazijakolea, nilikopa kikoba. Hizi nitalipia deni na riba yake." Hakulaumu. Nilisoma ujumbe huo mara kadhaa. Gramu 210 nilizojivunia kuziondoa hazikupotea. Sehemu ya mzigo ilikuwa imehamia kwake, na aliubeba miezi mitano bila kujua umetoka wapi.

Sijamwambia habari za magurudumu. Makala hii nitamtumia.